Mtangazaji Mzima Anachekaje Kifo cha Owen Hart?

Wakuu,

Nimezima redio sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Yule bwana wa kipindi cha michezo cha usiku, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa hata aliyejiunga humu jana anamfahamu, amecheka kifo cha Owen Hart, mwanamieleka wa kampuni ya Marekani ya WWF, ambayo leo huitwa WWE. Nilipiga simu kwa adabu zote nikamweleza kwamba tarehe 23 Mei 1999, mjini Kansas City, mtu yule alikuwa akiteremshwa kwa kamba kutoka darini ili aingie ulingoni kwa mbwembwe, kifungo kikafyatuka, akaporomoka zaidi ya mita 20 na kufariki, na mapambano yakaendelea usiku uleule. Akacheka. Alicheka mpaka akapaliwa, kisha akaniuliza nchi nzima ikisikia, "Kaka, na wewe mtu mzima unalilia maigizo?"

Matokeo ya mieleka hiyo hupangwa, hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua, lakini chini ya turubai la ulingo kuna mbao na vyuma, na shingo ya binadamu ni ileile. Mwanamieleka Droz alivunjika shingo ulingoni Oktoba 1999 na hakutembea tena hadi alipofariki mwaka 2023. Mick Foley alitupwa kutoka juu ya kizimba cha chuma kilichofunika ulingo kule Pittsburgh mwaka 1998, akapanda tena, paa likaachia akaanguka mara ya pili, na jino lake likaonekana limekwama puani. Eddie Guerrero alikutwa amefariki katika chumba cha hoteli Minneapolis, moyo umechoka akiwa na miaka 38. Hayo nayo yalimchekesha?

Wenye biashara wanajua wanachokifanya. Mwaka 1989 kampuni hiyo ya WWF ilikiri mbele ya Seneti ya New Jersey kwamba mapambano yake ni burudani, ili ikwepe kodi na usimamizi wa serikali, ukiwemo ulazima wa wanamieleka kupimwa afya kabla ya pambano. Hadi leo wanamieleka hao huandikishwa kama wakandarasi wanaojitegemea. Jeraha la ulingoni hulipiwa, lakini bima ya afya ya kila siku mtu hujitafutia. Mwanamieleka Jesse Ventura alijaribu kuwashawishi wenzake waunde chama cha wafanyakazi mwaka 1986, na chama hicho hakijazaliwa. Halafu mtu anakaa kwenye kiti cha kuzunguka, kahawa mkononi, anacheka mpaka anapaliwa!

Mzee wa Kona: Nilikuwa nasikiliza, mkuu. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alipomaliza kucheka aliweka tangazo la magodoro.

Tausi wa Pwani: Pole, kaka, lakini umeandika kwa uchungu kana kwamba Owen Hart alikuwa shemeji yako. Zima redio ulale.

Mwanzisha uzi: Dada yangu, si lazima awe shemeji yangu. Owen aliacha mjane na watoto wawili wadogo, na mtu amewacheka hewani.

Samurai wa Mbagala: Kila siku mnawalilia wanamieleka wa Marekani tu. Mjapani Mitsuharu Misawa alibebwa akatupwa chali Hiroshima mwaka 2009, hakuinuka, akafariki usiku huohuo. Yeye alikuwa mwanamieleka na pia mwenye kampuni, na mwili wake ulikuwa umechakaa kwa miaka ya kuangukia shingo. Mbona huyo hamumfungulii uzi?

Bondia Mstaafu: Wakuu, tusiende mbali hivyo. Mdogo wangu alipigana ngumi hapa nchini, akapasuka juu ya jicho, na promota akamlipa nusu ya fedha na kumwambia nyingine afuate wiki ijayo. Nyuzi za jeraha tumezilipia sisi wenyewe.

Mzee wa Kona: Usiniambie ni yule mwenye gari jeupe, anayependa kupiga picha na mabondia siku ya kupima uzito na kutopokea simu siku ya malipo.

Bondia Mstaafu: Huyohuyo, mzee wangu.

Tausi wa Pwani: Huyo hata binamu yangu anamdai tangu pambano la Desemba, na taya lake bado halifungi vizuri. Fungueni uzi wake sasa hivi, nina vielelezo.