Naomba ushauri: kupima eneo la bwawa lenye umbo la figo

Wakuu, habari za leo. Nina bwawa la perege lililopinda kama figo, nataka kujua eneo lake kabla sijanunua vifaranga. Jirani alizidisha urefu, mita 20, kwa upana mkubwa, mita 10, akapata mita za mraba 200. Hesabu hiyo siiamini.

Nilivuta kamba ncha hadi ncha, nikapima upana kila baada ya mita 4: 7, 9, 10 na 8, nchani ni sifuri. Jumla 34 mara 4 ni 136. Nikiweka vifaranga 4 kwa mita ya mraba, tofauti ni samaki 256, na hao wa ziada huenda wakasababisha msongamano!

Je, nipime kila mita 2? Na kwa kuwa kingo zimelala, nipime kwenye usawa wa maji au juu ya tuta?