Runinga ndiyo inayoharibu picha ya kompyuta, halafu tunaambiwa tubadilishe waya

Ndugu wanajamvi,

Runinga ikionyesha maandishi ya kompyuta yakiwa na ukungu, saa iliyo pembeni mwa skrini ikiwa imekatwa nusu na rangi nyeusi ikiwa imefifia na kuwa kijivu, mtumiaji hupewa jibu moja tu na muuzaji, na fundi, na mhudumu wa simu wa kampuni: badilisha waya. Ninaandika uzi huu kwa hasira kwa sababu jibu hilo si kweli, wanaolitoa wana kila sababu ya kujua kwamba si kweli, na watu wanaendelea kutoa fedha zao kununua nyaya za HDMI (zile zinazounganisha kompyuta na runinga) zilizosukwa kwa nyuzi na kupakwa dhahabu kwenye ncha, huku tatizo likibaki palepale, ndani ya runinga yenyewe.

HDMI hupeleka picha kwa njia ya kidijitali. Waya ulioharibika, au usiohimili kasi inayotakiwa, huonyesha dalili zake waziwazi: vidoti vinavyometameta, picha inayokatika na kurudi, au kioo kubaki cheusi kabisa. Waya hauwezi kulainisha kingo za herufi zote kwa pamoja kutoka juu hadi chini, wala hauwezi kukata pembeni mwa picha kwa kipimo kilekile kila unapowasha. Fundi anayeziona dalili hizi na kuanza kusifia waya wa bei mbaya, ama hajui kazi yake ama yuko dukani kuuza.

Chanzo kikuu ni mazoea yaliyorithiwa kutoka runinga za chogo. Katika runinga zile picha ilichorwa na mwale wa elektroni, na ukubwa wake uliweza kubadilika kidogo kadiri umeme ulivyoyumba na chombo kilivyozeeka. Kwa hiyo watengenezaji waliikuza picha mpaka kingo zake zikajificha nyuma ya fremu, na vituo vya matangazo navyo vikazoea kutoweka jambo la maana karibu na ukingo. Hilo lilikuwa na mantiki yake. Kioo bapa cha leo hakina mwale wala ukingo unaoyumba. Cha Full HD kina pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 1920 kwa 1080 zilizopangwa kiwandani, na kompyuta inatuma pikseli 1920 kwa 1080 vilevile. Kilichotakiwa ni kila pikseli ikae mahali pake, basi. Badala yake, runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangiwa kuikuza picha kwa asilimia chache. Ikiwa kinachokatwa ni asilimia 5, runinga huchukua pikseli 1824 kwa 1026 za katikati, huzivuta mpaka zijaze kioo kizima, na zilizobaki huzitupa.

Isogelee runinga ya namna hiyo uitazame herufi moja tu, tuseme «l» ndogo. Kompyuta imetuma mstari mmoja mweusi wenye kingo kali. Kwenye kioo utakuta mstari uliochuruzika kijivu ubavuni, na «l» inayofuata katika neno hilohilo inaweza kuonekana nene au nyembamba kuliko ya kwanza, kwa kuwa pikseli zilizovutwa haziangukii sawasawa juu ya pikseli za kioo. Kwa hiyo saa iliyokatwa na maandishi yenye ukungu ni ugonjwa mmoja, na wanaoshauri «punguza ukubwa wa picha kwenye programu ya kadi ya picha» (sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha) wanauongeza. Ukifanya hivyo saa itarudi, lakini sasa kompyuta inaibana picha na runinga inaivuta tena, yaani picha imechakachuliwa mara mbili na maandishi yanasomeka vibaya kuliko mwanzo.

Dawa ni kuizimia runinga huko kukuza, na hapa ndipo hasira yangu inapopanda zaidi. Kipengele hicho kimefichwa katika menyu ya ukubwa wa picha, mara nyingine ngazi kadhaa ndani, na kila kampuni imekipa jina lake: kwenye runinga moja kinaitwa «Just Scan», kwenye nyingine «Screen Fit», kwingine «Dot by Dot», kwingine «Full Pixel». Hakuna jina hata moja kati ya hayo linalomwambia mtu wa kawaida kwamba hapa ndipo picha yako ilipokatwa.

Rangi nayo ina vurugu yake. Picha za televisheni na filamu hupima mwanga kuanzia 16 kwa cheusi hadi 235 kwa cheupe, ilhali kompyuta hutumia kuanzia 0 hadi 255. Hakuna ubaya wowote katika mifumo hiyo miwili iwapo pande zote mbili zimekubaliana. Kompyuta ikituma kwa kipimo cha televisheni huku runinga ikisoma kwa kipimo cha kompyuta, cheusi hugeuka kijivu na picha nzima hupauka. Ikiwa kinyume chake, vivuli vyote humezwa na giza, na nywele nyeusi juu ya koti jeusi huwa doa moja. Kadi nyingi za picha zikiona HDMI na picha ya 1920 kwa 1080 hudhani zimeunganishwa na runinga ya sebuleni na kuamua zenyewe, bila kumuuliza mtu. Kuongeza utofauti wa mwanga kwa rimoti hakuponyi chochote. Kinachoponya ni kuweka kipimo kimoja pande zote mbili: katika mipangilio ya kadi ya picha, na katika kipengele cha runinga kinachohusu kiwango cha weusi wa HDMI.

Lipo pia jambo la maandishi mekundu au ya buluu kuonekana yamevuruguka hata baada ya hayo yote kurekebishwa. Ili kupunguza mzigo wa data, runinga nyingi hupunguza taarifa za rangi, na katika mfumo wa 4:2:0 kila pikseli nne hugawana rangi moja, ingawa kila moja hubaki na mwanga wake. Katika filamu hutaona tofauti. Katika jedwali lenye tarakimu nyekundu utaiona mara moja. Kwenye runinga nyingi suluhisho ni kuingia kwenye orodha ya matundu ya HDMI katika menyu na kulibadilisha jina tundu unalotumia liitwe «PC». Ndiyo, jina! Ukiliita tundu hilo jina jingine, mara nyingi picha inaendelea kuchakatwa. Ukiliita «PC», runinga inaacha kuichezea. Mtu gani mwenye akili timamu angetarajia kwamba lebo ya tundu ndiyo swichi ya ubora wa picha?

Wenye runinga za 4K wana adha ya ziada. Toleo la HDMI 1.4 la mwaka 2009 huishia fremu (picha kamili) 30 kwa sekunde kwa picha ya 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, na ni HDMI 2.0 ya mwaka 2013 iliyofikisha 60. Runinga inaweza kuwa na tundu moja au mawili tu yenye uwezo kamili, na hata hayo yakaja yamezimwa mpaka uyawashe kwenye menyu. Matokeo yake kishale cha kipanya kinajikokota na mwenye chombo anadhani kompyuta yake imezeeka. Hapa, kwa haki, waya nao unaweza kuhusika, kwa kuwa picha ya 4K kwa fremu 60 inahitaji waya unaohimili kasi hiyo.

Sitaki kurefusha kuhusu «ukali wa picha» (sharpness), ule unaoongezwa kiwandani ili runinga ing'ae dukani na ambao huzungushia kila herufi mstari mweupe kama kivuli. Ushusheni mpaka mstari huo upotee.

Ninachodai kwa watengenezaji si teknolojia mpya. Runinga ikitambua kwamba kilichochomekwa ni kompyuta, iache picha ilivyo, na boksi liandikwe bayana tundu lipi linafanya kazi ipi. Hadi hapo, ninamwomba kila aliyefanikiwa kuzima ukuzaji kwenye runinga yake aandike hapa chini jina la kipengele hicho kama linavyosomeka kwenye menyu, pamoja na njia ya kukifikia kuanzia kitufe cha kwanza cha rimoti, maana kijitabu cha maelekezo nilichopewa mimi hakina neno hata moja kuhusu kompyuta.