Uniti zimepungua ila bili ya umeme wa manispaa haishuki, naomba ufafanuzi

MamaNgano:
Wadau habarini za leo. Nina bekari ndogo na umeme tunaotumia ni ule unaoendeshwa na manispaa yenyewe. Miezi miwili hii nimebana kila kona, taa nimebadilisha zote, friji lile kuukuu nimeliondoa, vijana nao nimewaambia mtu akitoka chumbani azime feni, na kweli uniti zimeshuka kutoka 3,400 hadi 2,900. Sasa bili imekuja karibu sawa na ya zamani! Nimekaa nayo mezani naiangalia, chini ya uniti kuna mstari umeandikwa dimandi 31 kW na hela yake ni kubwa, halafu kuna tozo ya mwezi ambayo haibadiliki hata nikifunga duka. Nilipoenda ofisini kwao nikaambiwa tu "ndo taratibu". Hiyo dimandi ni nini hasa na mtu anaipunguzaje? Na mita ikiwa mbovu nitajuaje?

FundiUmeme_Mstaafu:
Pole mama. Hiyo tozo ya mwezi iache kwanza, ni ya nguzo, nyaya, mita na kuandaa bili, utailipa hata usipowasha kitu. Kinachokuumiza ni dimandi.

Uniti zinahesabu umeme wote uliotumia mwezi mzima. Dimandi inaangalia ni wakati gani ulivuta mwingi zaidi kwa mpigo. Mita inapiga wastani wa kila dakika 15, kwingine 30, halafu inashika ule wastani mkubwa kuliko yote mwezi huo. Yani robo saa moja tu ya asubuhi moja inakupangia malipo ya mwezi mzima. Wenyewe wana hoja yao, mtu anayetumia kilowati 1 kwa masaa 10 na anayetumia kilowati 10 kwa saa 1 wote wametumia uniti 10, lakini huyu wa pili anahitaji transfoma na waya wa kubeba mara kumi, na hiyo transfoma lazima iwepo hapo hata muda ambao yeye amelala.

Nikuulize, oveni ngapi, za kilowati ngapi, na mnawashaje asubuhi?

MamaNgano:
Oveni 3, kila moja 9 kW kwa ile kibati cha nyuma, na mashine ya kukandia 3 kW. Saa kumi alfajiri kijana wa zamu anafika anawasha zote tatu pamoja zipate moto wakati yeye anakanda.

FundiUmeme_Mstaafu:
Basi ndo hapo hapo. Oveni tatu 27, weka mashine 3 unapata 30, taa na friji zinakufikisha 31. Zote zinavuta kwa nguvu zote kwa sababu bado za baridi, na zikikaa hivyo robo saa nzima mita imeshaandika. Oveni ikishapata joto thamostati inaanza kukata na kurudisha, kwa wastani inaweza kuwa inavuta theluthi tu, kama kilowati 3.

Kwa hiyo washa moja, subiri ipate moto kabisa, ndo uwashe ya pili, afu ya tatu. Piga hesabu mwenyewe: ya tatu inavuta 9, mbili za mwanzo 3 na 3, mashine 3, jumla 18 na zile taa inakuwa 19. Uniti zitabaki pale pale ila dimandi inatoka 31 mpaka 19. Kijana itabidi awahi kama dakika arobaini, hilo mpatane naye vizuri.

Karani_Bili:
Naongezea hapo, niliwahi kukaa dirisha la wateja wa umeme wa mji. Soma kile kijitabu cha bei na masharti ya huduma, utafute vitu viwili. Kwanza kama kuna sharti kwamba dimandi ya kulipia haiwezi kuwa chini ya asilimia fulani ya ile kubwa kuliko zote ndani ya miezi 11 au 12 iliyopita. Likiwepo, hata ukirekebisha leo bili itashuka pole pole, usije ukakata tamaa mwezi wa kwanza.

Pili angalia kundi lako la bei. Huduma nyingi zimeandika wazi kwamba kuchagua kundi la bei linalokufaa ni jukumu la mteja, wao hawatakupigia simu kukwambia ungelipa kidogo kule. Ukishashuka chini ya kikomo cha kilowati cha kundi linalotozwa dimandi andika barua kuomba mapitio. Hili linaniuma, maana nimeona watu wakilipa kundi lisilo lao miaka na hakuna aliyewaambia.

Kuhusu mita, unaomba ipimwe kwa maandishi. Kwa kawaida ikikutwa imepita kiwango cha makosa kinachoruhusiwa, mara nyingi asilimia 2, bili za nyuma zinarekebishwa, ikiwa nzima unaweza kutozwa gharama ya kupima. Kwako sioni dalili ya ubovu, namba zinaendana na oveni zako. Na ukiwa unabishania bili usiache kulipa yote, lipa ile sehemu usiyoibishia na upinge iliyobaki kabla ya tarehe ya mwisho, vinginevyo notisi ya kukatiwa inakuja kama kawaida.

Mdau_Baraza:
Watu wanasahau kitu kimoja, umeme ukiwa wa mji bei mara nyingi hupitishwa na baraza la mji au bodi yake. Marekani kwenye huduma za umeme za umma takriban 2,000 wengi wanafanya hivyo, kunakuwa na tangazo na kikao cha wazi kabla bei haijabadilika. Nenda na bili yako mkononi. Na uulize kiasi gani cha mapato ya umeme kinahamishiwa mfuko wa jumla wa mji, maana hela hiyo nayo imo ndani ya bei unayolipa.

MamaNgano:
Mungu awabariki jamani. Leo alfajiri nimeenda mwenyewe, tumewasha moja moja, mkate wa kwanza umechelewa kidogo tu. Nimesimama mbele ya mita na tochi ya simu, namba zinapita zinabadilika, ya dimandi bado inasoma 30.8, nadhani ni ya siku za nyuma. Hiyo barua naandika kwa nani?

Karani_Bili:
Ndiyo, haishuki mpaka waifute siku ya kusoma mita, piga picha siku hiyo. Barua peleka idara ya wateja, weka namba ya akaunti na ya mita, na nakala yako wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe.