Naomba ushauri: naongoza sala nyumbani, moyo wangu mkavu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni baba wa watoto 3, Mlutheri, naishi Mbeya. Tangu tumzike mdogo wao mwaka jana, kila jioni saa 2 bado naongoza ibada ya nyumbani: wimbo mmoja, neno, sala. Watoto wanaitikia amina kwa nguvu. Mimi ndani pakavu kabisa. Nikifika "Baba yetu", neno Baba lenyewe linanikwama kooni.

Mke wangu anajua kidogo. Mzee wa kanisa niliyemgusia akaniambia nifunge siku 3. Nimefunga. Njaa niliiona, amani sikuiona.

Kinachonishikilia ni yule baba wa Marko 9, aliyempelekea Yesu mwanawe akakiri kwamba anaamini, ila asaidiwe kutokuamini kwake. Hakufukuzwa.

Sasa mkubwa wangu, yuko darasa la kipaimara, juzi kaniuliza: "Baba, wewe Mungu anakujibu?" Nikamwambia akalale, kesho shule.

Akina baba mliopitia haya: mtoto wa miaka 14 unamwambia ukweli kiasi gani? Na ibada niendelee kuongoza, au nimwachie mama yao kwa muda?