Naomba ushauri: mama aliyekimbia Ituri yuko kwetu Kondele

Wapendwa, salamu kutoka Kisumu. Jumuiya yetu ndogo ya kanisa hapa Kondele imempokea mama Mkongo na watoto wake wawili. Wanatoka upande wa Komanda, mkoa wa Ituri mashariki mwa Kongo, kule waasi wa ADF walikovamia mkesha kanisani usiku wa kuamkia Jumapili 27 Julai 2025, wakaua zaidi ya watu 40. Mwenyewe hasimulii mengi, nasi hatumchokonoi.

Jumapili iliyopita, ngoma zilipoanza, kijana wake mdogo aliingia chini ya benchi akaziba masikio. Hakutoka mpaka ibada ikaisha. Nililia.

Chakula na kodi tumechangishana, tunazo shilingi 14,500. Kinachotushinda ni makaratasi. Bado hajaandikishwa kama mkimbizi, na kuna jamaa anayemdai pesa eti amsaidie. Najua kuandikishwa ni bure. Yeye lakini anaogopa hata kuonekana ofisini, asije akarudishwa.

Mzee mmoja wetu anashauri mchango uende kwa mashirika yanayosaidia Wakristo wanaoteswa Nigeria na kwingineko. Simpingi, maana tangu shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa 2015, walipouawa watu 148, tunajua uchungu huo. Ila huyu yuko mlangoni petu.

Aliyewahi kumsindikiza mkimbizi kuandikishwa, mlianzia wapi? Je, ni lazima aende kambi ya wakimbizi ya Kakuma? Na huyo mtoto, nani hapa Kisumu anaweza kuzungumza naye polepole, kwa Kiswahili chao cha Kongo?