Mjadala: Mfumo wa kitaifa wa kuazimana vitabu kati ya maktaba, au tununue vitabu kwanza?

Mkutubi wa Moshi

Wadau, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Je, Serikali itenge fedha kuweka mfumo mmoja wa kompyuta utakaowezesha maktaba zote nchini kuazimana vitabu na kutumiana nakala za makala? Mimi nasema ndiyo.

Barabara ya Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80 tu, lakini hesabu maktaba zilizoko. Moshi kuna maktaba ya mkoa, Chuo Kikuu cha Ushirika chenye mizizi yake mwaka 1963, chuo cha tiba pale hospitali ya KCMC, na chuo cha Mweka kule mlimani kwa mambo ya wanyamapori. Ukifika Tengeru kuna chuo cha sayansi cha Nelson Mandela. Arusha mjini kuna maktaba ya mkoa, Chuo cha Uhasibu, Chuo cha Ufundi, na Mahakama ya Afrika yenye hazina yake ya sheria za haki za binadamu.

Sasa msomaji akija kaunta anatafuta kitu tusichokuwa nacho, ninachofanya ni kupekua simu nione namfahamu nani kwenye chuo gani. Majuzi kijana anayeandika tasnifu kuhusu vyama vya msingi vya kahawa alihitaji jedwali kutoka ripoti ya zamani. Mwenzangu wa Arusha aliipata, akapiga picha kwa simu, akatuma kwa WhatsApp. Kurasa zimepinda, na kidole gumba kimefunika mstari wa mwisho wa jedwali, ule wenye jumla. Mwenzangu alisaidia kwa moyo mweupe, namshukuru. Lakini siku akihamishwa, njia hiyo imekufa. Na msomaji ambaye mkutubi wake hana marafiki Arusha afanyeje?

Chombo cha kuongoza jambo hili tunacho. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na Bodi ya Huduma za Maktaba inafanya kazi chini ya Sheria Namba 6 ya mwaka 1975. Waingereza wanatuma nakala za makala kutoka kituo chao cha Boston Spa tangu miaka ya 1960. Denmark, tangu mwaka 2000, mwananchi anatafuta kwenye katalogi moja ya nchi nzima na kuchagua maktaba ya jirani atakapochukulia kitabu. Wenzetu hao walijua kwamba hakuna maktaba inayoweza kununua kila kitu.

Mwalimu, Usa River

Ndugu mkutubi, hoja yako nimeielewa, lakini siungi mkono. Umetaja maktaba tisa, nyingi za vyuo. Mimi nafundisha sekondari ya kata. Maktaba yetu ni kabati la chuma lenye kufuli, kwenye ofisi ya mwalimu wa taaluma. Kitabu cha kiada cha fizikia wanasoma watoto wengi kwa kimoja, na kile chenye majibu ya mazoezi mgongo umeshatoka, tumeufunga kwa selotepu. Nikiingia kwenye mfumo wenu, nitaazimisha nini? Na nikiazima, nitarudisha baada ya wiki mbili wakati mtihani uko mwezi wa kumi na moja?

Mfumo wa kuazimana unawafaa walionacho. Ni kuunganisha mabomba kati ya matenki matupu. Fedha ya seva, mafunzo, semina na posho za semina (tunazijua) inunue vitabu viende shuleni. Vikishajaa ndipo tuongee kuazimana.

Msanidi programu, Njiro

Mwalimu, heshima yako. Mimi naona nyote wawili mmelenga pembeni kidogo kwenye gharama.

Programu yenyewe si ghali. Koha ni programu huria ya kuendesha maktaba, ilianza kutumika New Zealand mwaka 2000, na vyuo kadhaa vya hapa nchini vinaitumia tayari. Mifumo kuongea yenyewe kwa yenyewe kuhusu maombi ya kuazima kuna kiwango cha kimataifa, ISO 18626, kilichotoka mwaka 2014. Kwa hiyo mtu akija na andiko la kujenga mfumo mpya kuanzia sifuri, mkataeni. Tumeona kwenye ununuzi wa umma: mfumo wa zabuni wa TANePS ulijengwa, watu wakafundishwa, mwaka 2023 tukahamia mfumo mwingine, NeST, na kuanza kujifunza upya. Maktaba haziwezi kumudu safari ya namna hiyo.

Kazi ngumu iko kwenye rekodi za vitabu. Niliwahi kusaidia kuhamisha data ya maktaba moja. Mwandishi mmoja ameandikwa "Nyerere, J. K.", kwingine "Julius Nyerere", kwingine "Mwl. Nyerere". Kwa kompyuta hao ni watu watatu. Vitabu vingine vimeingizwa kwa jina la kwenye gamba, vingine kwa jina la ukurasa wa ndani, na kuna vilivyo kwenye kompyuta lakini rafuni havipo tangu siku nyingi. Ukiunganisha katalogi kumi za hivyo unapata fujo moja kubwa. Fedha iende kwa vijana waliosomea ukutubi, wakae chini, washike kitabu kimoja kimoja, wasafishe. Kazi hiyo haina uzinduzi wala utepe wa kukata, ndiyo maana inarukwa.

Mstaafu wa Majengo

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimefanya kazi maktaba tangu enzi za kadi za katalogi kwenye droo za mbao.

Kuazimana si jambo geni. Bodi iliwahi kuwa na gari la maktaba na kuazimisha kwa posta. Swali ambalo hamjaligusa ni moja: kitabu kikipotea, nani analipa? Chuo kimoja kiliwahi kuazima kwetu juzuu ya historia ya mkoa, nakala pekee tuliyokuwa nayo. Mwanafunzi akamaliza masomo akaondoka nayo. Tuliandika barua, tukajibiwa kwamba mhusika si mwanafunzi wao tena. Juzuu ile haichapishwi tena. Baada ya hapo bosi wetu alipiga marufuku kuazimisha nje, na mimi nilimuunga mkono, kwa sababu wakaguzi wakija wanahesabu rafu yako, hawahesabu ukarimu wako.

Kompyuta itamtumia mdaiwa ujumbe wa kumkumbusha, sawa. Lakini bila hati iliyosainiwa na wakuu wa taasisi, inayosema maktaba iliyoazima ndiyo inayobeba deni hata msomaji akitoroka, wakutubi watafunga milango tu. Kila ombi litajibiwa "kinatumika kwa sasa".

Mwanafunzi wa udaktari, Moshi

Shikamoo mzee. Kwetu sisi tiba, kitabu kusafiri si shida kubwa. Tunataka makala, na tunazitaka leo. Kupitia HINARI, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002, majarida mengi ya nje tunayapata. Kinachokosekana ni cha nyumbani: tasnifu za waliotutangulia, ripoti za wilaya, utafiti uliofanyika wodi hizi hizi tunazozunguka. Naweza kusoma makala ya Boston, Marekani, usiku huu, lakini tasnifu iliyoandikwa Dar es Salaam kuhusu ugonjwa huo huo sina pa kuiombea.

Mawili ya kuangalia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iandaliwe mwongozo mfupi ili mkutubi ajue anaruhusiwa kuskani sura moja au kitabu kizima, asibaki anaogopa. Na pili, mfumo utajua nani kaomba nini. Mtu akiomba makala za VVU au afya ya akili, hilo ni lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tunayo, basi jina la msomaji libaki maktaba yake, maktaba nyingine ione ombi tu.

Mkutubi wa Moshi

Ahsanteni. Mzee wangu, hati ya deni ni sharti la kwanza, nakubali, na iwe imesainiwa kabla ya seva kununuliwa. Kaka wa Njiro, hakuna kujenga upya, tuunganishe tulichonacho.

Napendekeza tuanze na tasnifu, ripoti na makala zinazoskaniwa, katalogi ya Moshi na Arusha kwanza, zikisafishwa kwa mikono. Vitabu vizima vifuate. Usafiri tunao: mabasi yanabeba vifurushi barabara hii kutwa. Unafunga kitabu kwenye salfeti, unaandika jina na namba ya simu kwa maka peni, unapewa risiti ya mzigo, na kabla ya jua kuzama kimefika. Nauli ilipwe na maktaba, isiwe ya mwanafunzi. Na maktaba iwe na haki ya kukataa: kitabu cha kiada au nakala pekee hakitoki.

Mwalimu, kwako sitasema kabati lenu lisubiri. Lakini mwaka hadi mwaka tunanunua vitabu bila kujua jirani ana nini. Katalogi ya pamoja itatuonyesha vyuo vitatu vimenunua kitabu kile kile kinachokaa bila kuguswa, huku kingine hakipo mkoa mzima. Hapo ndipo fedha ya kununulia vitabu vyako itaokolewa.

Mwalimu, Usa River

Fedha ya chuo ikiokolewa inabaki chuoni, mkutubi. Haivuki barabara kuja shule ya kata. Nimeona mipango mingi ikiahidi kwamba faida itashuka hadi chini.

Bado sijashawishika, ila masharti yako yamenisogeza. Nami nina langu: shule za sekondari ziingie tangu siku ya kwanza, zikiwa na haki ya kuazima hata kama hazina cha kuazimisha. Mwalimu wangu wa baiolojia aweze kuomba sura moja kutoka Mweka kuhusu mimea ya Kilimanjaro, akaletewa nakala yake bila kulipishwa. Mkiandika hilo kwenye hati ile ya mzee, nitasimama kwenye kikao cha kata kuitetea. Mkilitoa, mwendelee na vyuo vyenu, na fedha yake itoke kwenye bajeti za vyuo.