Mvinyo mweupe wa Arbois unanukia jozi: umeharibika au ndivyo ulivyo?

Mgeni_wa_Dijon
Wakuu, salaam. Nipo Dijon, Ufaransa, kimasomo. Jumamosi nilipanda treni hadi Arbois, mji mdogo wa mkoa wa Jura, nikarudi na chupa mbili kutoka kwa mkulima. Zote zimeandikwa Arbois kwa herufi kubwa, na chini yake jina la zabibu: mweupe ni Savagnin wa 2018, mwekundu ni Poulsard wa 2022. Usiku nikaalika wenzangu wawili. Mweupe ulipofunguliwa tu, meza nzima ikanukia jozi, zile kokwa zenye umbo la ubongo, pamoja na tufaha lililokatwa likaachwa mpaka likageuka rangi. Mmoja akasema huo umeshaanza kuwa siki. Mwekundu nao umepauka kiasi kwamba nilisoma gazeti kupitia glasi. Chupa ni za kawaida, sentilita 75. Nimepunjwa?

Kizibo
Mvinyo ukinukia tufaha lililolala umeingia hewa. Rudisha, dai pesa yako.

Mkasi_na_Ndoo
Kizibo, kwa mvinyo wa Bordeaux ningekuunga mkono. Kwa Arbois, hapana.

Ndugu, usirudishe wala usimwage. Nimevuna zabibu misimu miwili Pupillin, kijiji kilicho mlimani kidogo juu ya Arbois. Kosa lako nililifanya mbele ya tajiri yangu. Alicheka mpaka akakohoa.

Mvinyo ukikaa ndani ya pipa hupungua, maana mbao zinavuja mvuke. Kwingine mwenye ghala huongezea kila mara ili hewa isipate nafasi, kazi wanayoiita ouillage. Jura, ikifika zamu ya Savagnin, wengi huacha kuongezea makusudi. Pale juu panapobaki wazi huota utando wa hamira. Wao wanauita voile, yaani shela. Ghalani kwa tajiri yangu kulikuwa na pipa moja lenye uso wa kioo kwa ajili ya wageni. Nilipomulika tochi niliona kitu cha kijivu kimekunjamana, kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Sikutamani kunywa siku hiyo, nakiri. Lakini utando huo ndio unaokinga mvinyo usigeuke siki, na ndio unaoleta hiyo harufu ya jozi. Sasa jiulize: wako unachoma pua? Siki huchoma. Kama hauchomi, uko salama.

Ukikaa hivyo bila kuongezewa mpaka Desemba ya mwaka wa sita baada ya mavuno, unastahili kuitwa vin jaune, na hutiwa kwenye clavelin, chupa fupi nene yenye mabega, ya sentilita 62. Wenyeji watakuambia hicho ndicho kinachosalia katika lita moja iliyoingia pipani. Wako ni wa 75, kwa hiyo huo ni mdogo wake tu, haukukaa shelani muda wote huo. Siku ukitaka Savagnin isiyo na jozi, tafuta neno ouillé kwenye lebo. Huo unanukia limau.

Kuhusu mwekundu, Poulsard ina ganda jembamba ajabu. Nikikata kishada kwa pupa, punje zilinipasukia kiganjani, na maji yake hayakuacha doa la maana kwenye fulana. Rangi itatoka wapi? Pupillin wanaiita Ploussard, na usithubutu kuwasahihisha, kijiji chenyewe kinajiita makao makuu ya Ploussard duniani. Ukitaka mwekundu wenye nguvu zaidi, uliza Trousseau, ile ambayo Wareno wanaiita Bastardo. Inapenda joto na kokoto, na wanaojivunia zaidi ni watu wa Montigny-lès-Arsures. Zilizobaki ni Pinot Noir na Chardonnay, na hizo hapo Dijon nadhani umeshazichoka.

Babu_Ghala
Nyongeza ndogo. Arbois ni miongoni mwa majina ya kwanza kabisa Ufaransa kulindwa kwa AOC, yaani sheria inayolinda jina la mahali mvinyo unapotoka, Mei 15, 1936. Na Louis Pasteur, yule mwanasayansi wa vijidudu, alikulia mji huo huo. Magonjwa ya mvinyo aliyachunguza hapo, kitabu chake juu ya mvinyo kikatoka mwaka 1866. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Arbois kwamba mvinyo wake una vijidudu, hujamtukana.

Kizibo
Sawa, nimenyoosha mikono. Ila mimi bado siulipii.

Mgeni_wa_Dijon
Asanteni sana. Nimenusa tena, hauchomi hata kidogo. Tatizo ni kwamba nusu chupa nilishaimimina kwenye sufuria ya kuku, nikidhani naokoa jahazi.

Mkasi_na_Ndoo
Kumbe umepika cha kwao bila kujua! Kule kuku hupikwa kwa vin jaune, krimu na uyoga wa morille. Hiyo nusu iliyobaki usiinywe ikiwa baridi ya friji, maana harufu yote italala. Itoe mapema, ipate nyuzi 14 hivi, uwe na kipande cha jibini la Comté lililokomaa. Haina haraka, ukiifunga vizuri itakusubiri. Na wenzako wakirudi, anza na mwekundu, ndipo mweupe. Kule ndivyo wanavyomimina.